Umechaguliwa UWC: mwongozo wa kusoma na kuishi miaka miwili katika bweni la kimataifa

Kila mwaka vijana wa Tanzania, Kenya na nchi jirani hufunga masanduku kwenda kumalizia sekondari yao katika shule za UWC, yaani United World Colleges. Shule hizi ni 18. Ya kwanza, Atlantic College, ilifunguliwa mwaka 1962 ndani ya kasri la St Donat's, pwani ya Wales, kwa fikra za mwalimu Mjerumani Kurt Hahn. Majeraha ya Vita Kuu ya Pili yalikuwa bado mabichi, na Hahn aliamini kwamba vijana wa mataifa hasimu wakilala chumba kimoja na kula meza moja, itakuwa vigumu kuja kuchukiana. Waterford Kamhlaba ya Mbabane, Eswatini, ilianza 1963 kwa kuwakaidi makaburu wa Afrika Kusini: iliwaweka watoto wa rangi zote darasa moja. Mabinti wa Nelson Mandela walisoma hapo. Ya karibu nasi kabisa ni UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha. Ya Moshi ilianza 1969 kama shule ya kimataifa iliyohudumia watoto wa madaktari wa hospitali ya KCMC, ikaingia UWC mwaka 2019.

Mwongozo huu ni wa kijana aliyepata nafasi au anayeitafuta, na mzazi wake akiusoma atafaidika pia. Nimewasaidia vijana wengi kujiandaa kwa safari hii, na sijaona aliyeangushwa na uhaba wa akili. Waliopata taabu ni waliokaa kimya. Hawakuelewa somo wakanyamaza, wakaishiwa sabuni wakanyamaza, wakalia usiku wakanyamaza. Shuleni kwetu mwanafunzi mkimya husifiwa kwa adabu. Kule, ukinyamaza watu wataamini huna shida yoyote, nao watakuacha na amani yako. Kwa hiyo katika hatua nyingi hapa chini nitakuambia pia useme na nani, na lini.

Hatua ya 1: Omba kupitia kamati ya taifa

Huombi Atlantic au Moshi moja kwa moja. Unaomba kwa kamati ya taifa ya UWC ya nchi yako, nayo ndiyo huchagua na kumpeleka kila kijana kwenye shule mojawapo. Tanzania ina kamati, Kenya ina kamati, na kwa jumla ziko katika nchi zaidi ya 150. Wengi wa wanaokaa kwenye kamati hizo ni wa kujitolea waliosoma UWC wenyewe. Kuna mlango wa pili, mpango wa uteuzi wa kimataifa, unaolenga hasa familia zenye uwezo wa kulipa ada. Kwa mwaka mmoja unaruhusiwa kupita mlango mmoja tu.

Umri unaotakiwa kwa kawaida ni miaka 16 au 17, kwa hiyo anza kufuatilia matangazo ukiwa kidato cha tatu. Akija mtu na kusema ana njia ya mkato ya kukuingiza UWC kwa malipo, mkatae. Hakuna dalali wa nafasi hizi.

Kwenye usaili usikariri hotuba. Kamati husikia kila mwaka vijana wanaotaka kubadilisha dunia. Wachache hueleza jambo moja walilolifanya mtaani kwao likaenda vibaya, na walichojaribu baada ya hapo. Eleza la kwako, hata kama ni kugombana na wenzako katika klabu ya mazingira.

Hatua ya 2: Usome waraka wa ufadhili kwa kalamu mkononi

Ufadhili hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia, na neno "ufadhili" halina maana moja. Mmoja hulipiwa kila kitu hadi pesa ya mfukoni. Mwingine hulipiwa ada, chakula na malazi, halafu familia inagundua mwezi Julai kwamba tiketi ya ndege ni juu yao. Kaa na mzazi au mlezi, mwandike maswali haya, myatume kwa kamati kabla ya kusaini:

Tiketi za ndege zinalipwa? Ni moja ya kwenda na moja ya kurudi baada ya miaka miwili, au kuna ya likizo ndefu katikati? Gharama za viza, vipimo na bima ya afya ni za nani? Kuna pesa ya mfukoni, na hutolewa kila mwezi au kila muhula? Kikokotoo cha grafu na kompyuta ya mkononi, shule inaazimisha au mnanunua? Ada za mitihani zimo?

Swali moja husahaulika karibu kila mara, nalo ni kubwa: likizo ya Desemba nitalala wapi? Shule nyingi hufunga mabweni kipindi hicho. Wenye uwezo hupanda ndege kurudi kwao, na wewe huwezi kulipa nauli ya Dar es Salaam kwa wiki tatu. Mara nyingi shule huwa na familia wenyeji wanaopokea wanafunzi, au rafiki hukukaribisha kwao, lakini mipango hiyo hufanywa mapema. Mwambie mlezi wako wa shule mwezi Septemba kwamba hutarudi nyumbani Desemba. Mwezi huo huo wa kwanza. Ukisubiri Novemba utapata mahali, ila utakuwa umeteseka wiki nyingi kwa wasiwasi usio na sababu.

Hatua ya 3: Nyaraka

Anza na majina. Kwetu cheti cha kuzaliwa kinaweza kusoma majina mawili, cheti cha shule matatu, na herufi moja ikawa imekosewa mahali. Ubalozi hautakuwa na subira na hilo. Linganisha cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti kabla ya jambo lingine lolote, na kama vinatofautiana nenda kwa wakili upate hati ya kiapo, au hati ya kubadili jina ikihitajika.

Kisha viza, ambayo hutegemea unakokwenda. Uingereza ina viza ya mwanafunzi mtoto kwa walio chini ya miaka 18, na mwombaji kutoka Tanzania au Kenya anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita hutakiwa kupima kifua kikuu katika kituo kinachotambuliwa na serikali yao. Marekani, shule ya Montezuma, New Mexico, hukutumia fomu ya I-20 inayothibitisha umepokelewa, unalipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali yao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350, ndipo unaomba viza ya mwanafunzi, F-1. Italia, kwenye shule ya Duino, ukifika unatakiwa kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 8 za kazi. Shule hukuongoza, lakini nyaraka za asili uwe nazo mkononi. Walio chini ya miaka 18 wabebe barua ya ridhaa ya wazazi iliyothibitishwa na wakili. Cheti cha homa ya manjano ukishachanjwa ni cha maisha.

Piga picha kila karatasi, uzihifadhi kwenye barua pepe yako na kwenye simu ya mzazi.

Hatua ya 4: Sanduku

Usinunue koti jipya la baridi kwa bei ya dukani. Mitumba ya Karume pale Ilala, Memorial ya Moshi na Gikomba ya Nairobi ina makoti mazito yaliyotoka huko huko unakokwenda, kwa bei ambayo huko hutaiona. Tena shule nyingi huwa na chumba cha nguo zilizoachwa na waliohitimu. Beba koti moja, soksi nzito na viatu visivyopitisha maji, mengine utayapata.

Nafasi iliyobaki ijaze vitu visivyopatikana: mafuta ya nywele na ya ngozi uliyozoea, dawa unazotumia pamoja na cheti cha daktari, khanga mbili tatu, vazi la heshima la kwenu kwa siku za utamaduni, viungo vya pilau, na vitabu vya fasihi ya Kiswahili. Kwa nini vitabu, utaona hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Chagua masomo kwa akili yako

Karibu shule zote za UWC hufundisha Diploma ya IB (International Baccalaureate), mtaala wa kimataifa wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari, na hapa ndipo vijana wetu huamua haraka mno. Ulizoea kombi: PCM, PCB, HGL. Huku unachukua masomo sita. Matatu ni ngazi ya juu, saa 240 kila moja kwa miaka miwili, na matatu ni ngazi ya kawaida, saa 150. Lazima uwe na lugha yako ya fasihi, lugha ya pili, somo la jamii, sayansi na hisabati. La sita ni sanaa, au badala yake unaongeza somo jingine kama sayansi ya pili. Kila somo lina alama 1 hadi 7. Jumla ni 42, na alama 3 za ziada hutoka kwenye Nadharia ya Maarifa, ambayo kila mtu huiita TOK, pamoja na Insha Ndefu. Kilele ni 45, na cha kupata diploma ni 24, kukiwa na masharti mengine juu yake.

Anza na chuo unachokitaka urudi nyuma. Hisabati ina njia mbili, AA (Analysis and Approaches) na AI (Applications and Interpretation). Kozi nyingi za uhandisi hutaka AA ngazi ya juu. Ukichukua AI kwa kuwa rafiki zako wako huko, mlango unaweza kufungwa bila wewe kujua. Udaktari mara nyingi hutaka Kemia ngazi ya juu, na Biolojia kando yake. Lakini kama hujui utasoma nini, usijitwishe Fizikia, Kemia na Hisabati za ngazi ya juu ili tu kuwaridhisha watu nyumbani. Nimeona vijana wenye kipaji kikubwa cha historia wakizama namna hiyo, na inauma kuangalia. Una wiki chache za mwanzo za kubadilisha masomo. Ukiona umekosea mwendee mratibu wa IB ndani ya wiki hizo, kwa maana zikipita kubadilisha kunakuwa kugumu.

Sasa Kiswahili. Watu watakushauri uchukue Kiingereza kuwa lugha ya fasihi kwa sababu ndicho kina mwalimu. IB inaruhusu mwanafunzi ambaye lugha yake haina mwalimu shuleni asome fasihi ya lugha hiyo kwa kujitegemea, ngazi ya kawaida, chini ya usimamizi wa shule. Utasoma kazi 9: angalau 4 ziwe zimeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na angalau 3 ziwe za tafsiri. Ukipata angalau 3 katika Kiswahili hicho, na angalau 3 katika somo la jamii au sayansi ulilosoma kwa Kiingereza, unatunukiwa diploma ya lugha mbili. Ninaamini ni uamuzi bora kwa wengi wetu. Unashindana na wenzako kwa lugha unayoiota usingizini, na kila wiki kuna saa chache ambazo kichwa chako hakitafsiri chochote. Ugumu wake ni huu: nidhamu ni yako, na mwalimu wa kukusomea insha mara nyingi yuko mbali, mnakutana kwa simu au kompyuta. Mtafute kabla hujaondoka. Mwalimu wako wa Kiswahili wa kidato cha nne akikubali kukushika mkono, mwombe sasa, na mwandikie mratibu wa IB kabla ya shule kufunguliwa kwamba hilo ndilo unalolitaka.

Hatua ya 6: Chumba

Utalala na watu wawili, watatu au wanne, na shule huwachanganya makusudi. Mmoja anaweza kuwa ametoka katika nchi iliyo vitani na nchi ya mwingine aliye ghorofa ya chini. Mmoja hulala na dirisha wazi kwenye baridi. Mmoja hana dini na hajawahi kuona mtu akiswali.

Wiki ya kwanza, kabla ya ugomvi wowote, pendekeza mkae mpange: taa zizimwe saa ngapi, wageni mpaka saa ngapi, nani anasafisha lini, nani akiazima kitu aombe vipi. Shule nyingi zina karatasi maalumu ya makubaliano hayo. Ijazeni kwa dhati. Ukiamka alfajiri kwa swala, sema siku hiyo hiyo, muulize kila mtu kama kengele ya mtetemo itamsumbua. Mtu aliyeambiwa mapema huona ni utaratibu wa chumba. Asiyeambiwa ataona anaamshwa.

Sisi tumelelewa kusema mambo kwa kuzunguka. Ukichoka na vyombo vichafu vya mwenzako unasema, "Aisee, chumba kimekuwa na sisimizi siku hizi." Mtanzania mwenzako ataelewa ndani ya sekunde. Mdachi atakuuliza kama unataka dawa ya sisimizi. Jifunze kusema waziwazi kwa upole: vyombo vyako vina siku tatu, naomba uvioshe leo. Na akikuambia wewe vivyo hivyo, usidhani amekuvunjia heshima. Hapa vijana wa kwetu huumia bure kwa miezi.

Vilevile wengi hushindwa kumwita mwalimu kwa jina lake tupu, kama inavyofanyika katika shule hizi nyingi. Heshima uliyolelewa nayo haipotei. Ukiona ulimi unagoma, mwambie hivyo mwalimu mwenyewe. Wengi watakukubalia uongeze neno la heshima mbele.

Usikubali pia kuwa msemaji wa bara zima. Utaulizwa Afrika inaonaje jambo fulani. Jibu kuhusu Tandale, Likoni au kijiji chenu, unakokujua. Na wewe usimgeuze Mpalestina au Muisraeli wa chumbani kuwa taarifa ya habari. Mwache akueleze siku akitaka.

Hatua ya 7: Usidanganywe na mwaka wa kwanza

Masomo huanza Agosti au Septemba, na mitihani ya mwisho ni Mei, miezi ishirini mbele. Shule za kalenda ya kusini hufanya Novemba. Miezi hiyo huonekana mingi. Hesabu hivi: vyuo vya nje huomba makadirio ya alama ambayo walimu huyaandika mwanzoni mwa mwaka wa pili, na wanayaandika kwa kuangalia mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kinachokupeleka chuoni kwa kiasi kikubwa ni miezi kumi ya mwanzo, ile ambayo bado unazoea lafudhi za walimu.

Kama ulisoma shule ya kata, na Kiingereza chako ni cha daftarini zaidi kuliko cha mdomoni, miezi miwili ya kwanza itakuwa migumu. Fanya mambo matatu. Soma sura ya somo usiku kabla ya kipindi, ili maneno uyasikie mara ya pili. Kaa mbele. Na kila wiki mwendee mwalimu mmoja na swali lililoandikwa. Walimu hutenga saa za kusaidia na mara nyingi hukaa peke yao wakisubiri. Ukisema "sehemu hii sijaielewa" hutapunguziwa alama. Kwenye darasa la TOK hata la historia, kuuliza na kubisha kwa hoja ni sehemu ya kazi, na hakuna atakayeona umemkosea mkubwa wako.

Kazi za somo unazozifanya nje ya mtihani wa mwisho zina uzito. Katika sayansi na hisabati, asilimia 20 ya alama ni utafiti mdogo unaoufanya mwenyewe. Insha Ndefu ina ukomo wa maneno 4,000, na TOK ina onyesho pamoja na insha ya maneno 1,600. Ukipata E katika Insha Ndefu au TOK hupati diploma, hata masomo yawe mazuri kiasi gani. Chagua mada ya Insha Ndefu unayoweza kuipatia data ukiwa nyumbani likizo ndefu: maji ya kisima cha mtaa wenu, bei za dagaa Ferry, ushairi wa Kiswahili. Utafurahia, na hakuna mwenzako atakayekuwa na kitu kama hicho.

Neno kuhusu kudesa. Kunakili aya ya mtandaoni bila kutaja ulikoitoa, au kumwandikia rafiki, ni kosa linaloweza kukunyima diploma nzima, na msamaha wa "sikujua" haupo. Jifunze kutaja vyanzo mwezi wa kwanza, kwa kumwomba mkutubi akuelekeze.

Hatua ya 8: Huduma na michezo

Kuna sehemu ya tatu ya lazima, CAS: ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii, kwa angalau miezi 18. Haina alama, ila bila kuikamilisha hakuna diploma. Chagua jambo moja uliloliogopa na moja unalolijua. Atlantic College wanafunzi wamekuwa na historia ndefu ya uokoaji baharini, na boti za mpira zenye sakafu ngumu zinazotumiwa leo na waokoaji duniani zilibuniwa huko miaka ya 1960. UWC East Africa ina programu ya kupanda milima inayoishia Kilimanjaro. Andika kumbukumbu za shughuli zako kila wiki. Kuzitunga zote kwa mkupuo mwezi Machi wa mwaka wa pili ni adhabu.

Jihadhari na wingi wa mambo. Shule hizi zina kikao, tamasha au mjadala kila jioni. Ukienda kila mahali utapata usingizi wa saa tano tu kwa usiku, na mwili utadai.

Hatua ya 9: Pesa, nyumbani na moyo

Pesa ya mfukoni igawe siku inapoingia: sabuni na mahitaji, simu, akiba ya dharura, kisha starehe. Wenzako wengine ni watoto wa matajiri wa kweli, na safari ya wikendi kwenda mji mkuu kwao ni jambo dogo. Sema "safari hii siendi, bajeti hairuhusu" bila kueleza zaidi. Wanaostahili urafiki wako watapanga kitu kisicho na gharama wiki inayofuata.

Nyumbani nako kuna mtihani wake. Ukishapanda ndege, ndugu wengine huamini umepata kazi. Utaombwa ada ya binamu, mchango wa harusi, simu. Mwombe mzazi mmoja, kabla hujaondoka, atangaze kwenye familia kwamba wewe ni mwanafunzi, unaishi kwa msaada, na maombi yote yapitie kwake. Jambo hilo limeokoa vijana wengi usingizi. Usitume pesa ya chakula au ya nauli uliyopewa kwa kazi hiyo, na kuhusu kufanya kazi, fuata masharti ya viza yako.

Piga simu nyumbani siku maalumu, mara moja au mbili kwa wiki. Ukiongea na mama kila usiku, hutafika kule uliko.

Giza la majira ya baridi ni jambo la kimwili. Flekke, Norway, Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Ukijikuta huamki, huli, au unalia bila sababu kwa wiki mbili mfululizo, nenda kwa mshauri nasaha wa shule. Yupo kwa kazi hiyo na analinda siri. Kwenda kwake si dalili ya wazimu wala ya imani haba, na mzazi anayesoma hapa namwomba asimwambie mtoto "piga moyo konde" kisha akate simu. Muulize amekula nini leo, na amemwambia nani pale shuleni.

Ramadhani ikikaribia, waandikie watu wa jikoni wiki mbili kabla pamoja na Waislamu wenzako; daku na futari hupangwa vizuri wakijulishwa. Uliza nyama halali siku ya kwanza. Wanaotaka kanisa au msikiti wa mjini waombe usafiri kwa mlezi wa bweni. Na pombe, bangi, au kulala nje bila ruhusa: soma sheria za shule na za nchi, kwa sababu rafiki yako akifukuzwa anarudi kwao kwa treni, wewe unapoteza viza na ufadhili siku moja.

Hatua ya 10: Chuo, na kurudi

Mwezi wa pili au wa tatu wa mwaka wa kwanza mwone mshauri wa vyuo, umwambie ukweli kuhusu uwezo wa familia. Tarehe za kushika: 15 Oktoba ya mwaka wa pili kwa Oxford, Cambridge na kozi nyingi za udaktari Uingereza, 1 Novemba kwa maombi ya mapema ya vyuo vingi vya Marekani, na siku za mwanzo za Januari kwa maombi ya kawaida. Wahitimu wa UWC wana bahati ya mpango wa Davis UWC Scholars, ulioanza mwaka 2000 na vyuo vitano, Colby, College of the Atlantic, Middlebury, Princeton na Wellesley, na sasa unahusisha takribani 100 vya Marekani. Mpango hukipatia chuo ruzuku ya kukusaidia kwa kadiri ya uhitaji wako, lakini kwanza chuo kikukubali. Omba vyuo vya orodha hiyo vya viwango tofauti, usiweke matumaini yote kwenye majina matatu makubwa.

Anayetaka kurudi kusoma Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro asione haya hata kidogo. Matokeo ya mitihani ya Mei hutoka mwanzoni mwa Julai; cheti cha IB hupelekwa NECTA kulinganishwa na cha kidato cha sita kabla ya kuomba chuo, pamoja na cheti chako cha kidato cha nne. Kabla hujaondoka shuleni chukua nakala rasmi za matokeo ya kila muhula zenye mhuri, angalau tatu, na uhakikishe jina lililoandikwa ni lile lile la kwenye pasipoti. Ukishatua nyumbani, wapigie watu wa kamati ya taifa uwaambie umerudi. Msimu wa usaili ukianza wanahitaji watu wa kusoma maombi na kukaa na vijana wapya na wazazi wao, na maswali ya tiketi, Desemba na kikokotoo wewe sasa unayajua majibu yake.